Emacs: bafa zipangwe kwa kazi unayofanya, siyo kwa aina ya faili

Mfasiri_TA (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu mnaoshinda ndani ya Emacs, kile kihariri cha maandishi, na ikifika mchana mmefungua bafa (yaani kila faili, temino au orodha iliyo wazi humo) nyingi kiasi kwamba kuitafuta moja kunakula muda kuliko kuifanyia kazi. Wa vihariri vingine karibuni pia, shida ni ile ile.

Mimi natafsiri programu. Naletewa mafaili ya PO, yale yanayobeba maandishi ya vitufe, menyu na ujumbe wa makosa. Nayatia Kiswahili, narudisha. Sikosi kazi mbili tatu mkononi kwa wakati mmoja. Sasa hivi nina programu ya duka la mtandaoni, nina programu ya kupanga miadi ya kliniki, na nina orodha yangu ya istilahi ambayo naiandika kwa Org, modi ya Emacs ya kuandikia maelezo. Ugumu wa mafaili haya ni majina. Programu iliyoandikwa kwa Django huweka tafsiri ya Kiswahili kwenye `locale/sw/LC_MESSAGES/django.po`. La duka linaitwa django.po, la kliniki linaitwa django.po. Ukienda kwenye programu za GNU, tafsiri ya Kiswahili ikiwepo, faili lake linaitwa `sw.po` kwenye kila moja.

Kwenye majina peke yake Emacs inakusaidia. Tangu toleo la 24.4, mafaili mawili yenye jina moja yakifunguka pamoja, inaongeza kile kipande cha njia kinachoyatofautisha, kwa hiyo unaona `django.po<duka>` na `django.po<kliniki>`. Haikuandikii LC_MESSAGES kwa sababu hiyo iko pande zote mbili. Hapo sina neno.

Tatizo liko kwenye orodha. Ukibonyeza `C-x C-b` (C ni kitufe cha Ctrl, na M mtakayoiona chini ni Alt) bila kubadili chochote, unamwagiwa bafa zote zikifuatana kwa ile uliyoitembelea karibuni. Ndiyo maana wengi tunahamia Ibuffer, ambayo imo ndani ya Emacs tangu toleo la 22 la mwaka 2007, hakuna cha kusakinisha. Ibuffer inajua makundi. Sasa, mifano karibu yote ya makundi inayozunguka mtandaoni inapanga kwa modi, yaani aina ya faili au bafa: kundi la Dired (orodha za folda), kundi la Org, kundi la Python, kundi la temino. Inapendeza kwa macho. Ila jiulize, ni lini uliwahi kutaka kuyaona mafaili yako yote ya Python kwa pamoja, ya kazi hii na ya kazi ile? Mimi sijawahi. Ninachotaka ni vyote vya duka: PO, kiolezo cha HTML, barua ya mteja yenye maelekezo, na temino niliyofungua humo kukusanya ujumbe. Nikimaliza duka nataka vyote viondoke kwa mkupuo.

Mpangilio wangu ni huu:

```
(global-set-key (kbd "C-x C-b") 'ibuffer)

(setq ibuffer-saved-filter-groups
      '(("kazi"
         ("Emacs" (or (name . "^\\*scratch\\*$")
                      (name . "^\\*Messages\\*$")
                      (mode . help-mode)))
         ("Duka" (directory . "/kazi/duka"))
         ("Kliniki" (directory . "/kazi/kliniki"))
         ("Istilahi" (directory . "/kazi/istilahi")))))

(add-hook 'ibuffer-mode-hook
          (lambda ()
            (ibuffer-switch-to-saved-filter-groups "kazi")))

(setq ibuffer-show-empty-filter-groups nil)
```

Bafa isiyoingia kundi lolote inaangukia kwenye `[ Default ]` chini kabisa. Mstari wa mwisho unaficha makundi matupu, kwa hiyo siku ambayo hujagusa kliniki hutaliona hata jina lake.

Angalieni neno `directory`. Mifano mingi inatumia `filename`, na hapo ndipo watu wanapokwama. `filename` inatazama njia ya faili, sasa bafa isiyo na faili, kama ile ya matokeo ya grep (utafutaji wa neno ndani ya mafaili), inaweza kubaki nje. `directory` inatazama folda ya faili, na kama bafa haina faili inatazama folda ambayo bafa yenyewe imesimama. Kwa hiyo temino uliyoifungua ukiwa ndani ya duka inaingia kundi la Duka, na `*grep*` uliyoiendesha humo nayo inaingia. Kwangu hicho ndicho kilichofanya makundi yawe na maana.

Na makundi yana matumizi zaidi ya kutazama. Weka kishale juu ya jina la kundi ndani ya Ibuffer, bonyeza `m`, kundi zima linawekwa alama. Baada ya hapo `S` inahifadhi yote, `D` inafunga yote, `O` inatafuta neno ndani ya hizo bafa tu na kukuletea kila mstari wenye neno hilo. Mteja wa duka anataka "nenosiri", mteja wa kliniki anataka "nywila". Natia alama Duka, napiga `O`, naandika nywila, naona kama kuna iliyojipenyeza. Kliniki haiguswi.

Nataka kusikia na nyinyi mnapangaje.

---

KodiMoja

Asante mkuu kwa uzi. Ila mimi kwa mtazamo wangu hivi vyote ni mzunguko mrefu. `C-x b`, andika herufi tatu, ingiza, umefika. Nina Vertico inanionyesha majina kadiri ninavyoandika. Orodha ya bafa siifungui hata mara moja kwa wiki. Makundi ya nini?

---

Mfasiri_TA

KodiMoja, kwa kwenda kwenye bafa unayoikumbuka nakubaliana na wewe asilimia mia, mimi pia natumia `C-x b` kutwa. Lakini njia hiyo inakutaka ukumbuke jina. Ile uliyoifungua juzi ukaangalia mstari mmoja ukaiacha huwezi kuandika herufi zake tatu, maana hukumbuki kama ipo. Nayo ndiyo inayobaki na mabadiliko ambayo hujahifadhi.

Jaribu kitu kimoja leo: fungua Ibuffer, bonyeza `* u`. Inatia alama kila bafa yenye faili ambalo limebadilishwa na halijahifadhiwa. Ukiwa na makundi unaona papo hapo ni kazi ipi ina deni. Bila makundi unaona majina tu.

---

Bi_Seva

Dada Mfasiri, umegusa penyewe. Mimi nasimamia seva, na kwangu kupanga ni usalama kabisa.

Nafungua mafaili ya seva kwa TRAMP, yaani `/ssh:` kisha jina la seva kisha njia ya faili, moja kwa moja ndani ya Emacs. Matokeo yake nina `settings.py` ya kompyuta yangu na `settings.py` ya seva ambayo wateja wanaitumia muda huo huo, bafa mbili zinafanana kila kitu hadi rangi. Ukiandika kwenye isiyo yenyewe, umezima huduma ya watu.

Kwa hiyo kundi langu la kwanza kabisa juu ni hili:

```
("SEVA HAI" (directory . "^/ssh:"))
```

Na liwe juu ya mengine yote. Ibuffer inashuka kundi kwa kundi, bafa ikishikwa na la kwanza linaloifaa haiendi mbele. Seva yetu ina folda `/srv/kazi/duka`, kwa hiyo kama Duka lingekuwa juu, faili la seva lingeingia humo na kuchanganyika na la kwangu. Mpangilio wa makundi kwenye orodha ni sehemu ya maana yake, siyo urembo.

---

Mfasiri_TA

> kundi la kwanza kabisa juu ni hili

Hii naiongeza kwangu leo leo. Asante sana Bi_Seva.

Na hilo la kushika la kwanza linajibu swali ambalo niliulizwa pembeni: kuna mtu ana folda `/kazi/duka` na `/kazi/duka-jipya`, mafaili ya duka-jipya yanaingia kwenye Duka. Ni kwa sababu "/kazi/duka" inapatikana ndani ya "/kazi/duka-jipya" pia. Weka kundi la duka-jipya juu ya la duka, imekwisha.

---

Mwanafunzi_wa_Lisp

Shikamoo wakubwa. Nimenakili mpangilio, unafanya kazi vizuri, nashukuru. Ila lile kundi la Emacs nililiweka mwisho maana nilitaka kazi zangu ziwe juu. Sasa `*scratch*` na `*Messages*` zinaonekana ndani ya Duka. Jana hazikuwa hapo, zilikuwa chini. Ni kitu gani kinazihamisha?

---

Mfasiri_TA

Marahaba. Swali zuri. Jana uliifungua Emacs kutoka wapi na leo kutoka wapi? Nadhani leo uliingia kwanza `cd ~/kazi/duka` kwenye temino ndipo ukaandika `emacs`. `*scratch*` haina faili, kwa hiyo `directory` inatazama folda iliyosimama, na folda ya `*scratch*` ni pale ulipoianzishia Emacs. `*Help*` inakuwa hivyo hivyo, inarithi folda ya bafa uliyokuwamo ulipoomba msaada.

Rudisha kundi la Emacs juu ya kazi zako. Usipofanya hivyo, siku utakapotia alama Duka zima na kubonyeza `D`, `*scratch*` itaondoka pamoja na chochote ulichokuwa umekiandika humo, na hiyo haikuulizi kama unataka kuhifadhi kwa sababu haina faili.

Kama hutaki kuliona likiwa juu, simama kwenye jina lake ubonyeze `RET` (Enter), linajikunja.

---

Mwanafunzi_wa_Lisp

Ni kweli, leo niliianzishia ndani ya duka. Nimerudisha juu, zimetoka. Na nyingine: nikifungua faili jipya wakati Ibuffer iko wazi upande wa pili, halionekani mpaka niifunge Ibuffer niifungue tena.

---

Shamte_Nakala

Bwana mdogo, bonyeza `g`, orodha inajisoma upya. Ukitaka ijifanyie yenyewe, ndani ya ile lambda ya kwenye hook ongeza mstari `(ibuffer-auto-mode 1)`.

---

Kiwambo254

Hapo nawasoma kutoka Nairobi. Mimi ni mtu wa Vim, na nilivyoelewa hoja ya mwanzisha uzi, kwa Vim ni ngumu zaidi, kwa hivyo wacha niseme vile tunafanya.

Bafa za Vim ni za wote. Vichupo viliingia Vim 7.0 mwaka wa 2006 na watu wengi huja wakidhani kila kichupo kina bafa zake. Hapana. Kichupo kinabeba madirisha, yaani mpangilio wa skrini. Ukiandika `:ls` kwenye kichupo chochote unapata bafa zile zile zote.

Kinachokaribia kundi ni orodha ya hoja. Unaandika

```
:args ~/kazi/duka/locale/sw/**/*.po
```

na sasa hayo mafaili ndiyo kundi lako la kazi. Unapita ndani yake kwa `:next` na `:prev`, na unaweza kubadilisha neno kwenye yote:

```
:argdo %s/nywila/nenosiri/gce | update
```

Hiyo `c` inakuuliza kila mahali kabla ya kubadilisha, na `e` inazuia Vim isilalamike ikifika kwa faili ambalo halina neno hilo. Usiiache `c` kama ni tafsiri ya mtu.

Mimi mwenyewe nimeishia kutenganisha kabisa: kila kazi ina Vim yake ndani ya kikao chake cha tmux, programu ya kuendesha vikao vingi ndani ya temino moja. Nikitoka kwa duka nakwenda kliniki, nabadilisha kikao. Bafa za duka siwezi kuziona hata nikitaka.

---

Mfasiri_TA

Kiwambo254, karibu sana, na asante kwa hiyo ya `:argdo`.

Kwenye Ibuffer kinachofanana nayo ni kutia alama kundi halafu `Q`, inakuuliza neno la zamani na jipya kisha inapita bafa moja moja ikikuuliza kila mahali. Tahadhari kwa watafsiri: ukitumia modi ya PO, bafa zake huwa zimefungwa kuandikwa moja kwa moja. Unahariri kila ujumbe kwa `RET`, unafunguka kidirisha chake, ukimaliza `C-c C-c`. Kwa hiyo `Q` itagoma kwenye mafaili ya PO, na mimi naona ni vizuri igome, maana neno likibadilika ndani ya sentensi ya Kiswahili upatanisho wake unaweza kubadilika pia. "Nywila yako imebadilishwa" huwezi kupachika tu nenosiri ukaacha "yako imebadilishwa". Natumia `O` kupata orodha ya mahali, halafu naenda moja moja kwa mkono. `Q` naiwekea violezo na maelezo ya kawaida.

Hiyo ya kikao kwa kila kazi naielewa, lakini mimi kuna bafa ninazozihitaji kwenye kazi zote, hasa ile ya istilahi. Nikitenganisha kabisa itabidi niifungue kila upande, na faili moja kuhaririwa sehemu mbili sitaki.

---

Rangi_ya_Kioo

Kwa wale wa VS Code, msichanganyikiwe na kile wanachokiita makundi ya kihariri. Yale ni kugawa skrini tu, kushoto na kulia. Kundi la kazi kwa VS Code ni dirisha zima: fungua folda ya duka kwenye dirisha lake, kliniki kwenye lake. Na kwenye `.vscode/settings.json` ya kila folda unaweza kuweka rangi ya upau wa juu:

```
"workbench.colorCustomizations": {
  "titleBar.activeBackground": "#1b5e20"
}
```

Duka kijani, kliniki bluu. Jicho linajua uko wapi kabla hujasoma chochote.

---

Bi_Seva

Rangi ya kioo cha seva iwe nyekundu, tafadhali.

---

Shamte_Nakala

Nimesubiri watu wamalize makundi ya kuandika kwa mkono ili niulize: kwa nini mnaandika kwa mkono?

Emacs yenyewe sasa inajua mradi. Kuanzia 28 kuna `C-x p` na familia yake. `C-x p b` inakupa bafa za mradi uliomo tu. `C-x p p` inakupeleka mradi mwingine. `C-x p k` inafunga bafa zote za mradi, inakuuliza mara moja kwanza na kukutajia ni ngapi. `C-x p s` inafungua temino ya mradi huo, na inaipa jina la mradi, `*duka-shell*`, haigongani na ya kliniki. Mradi inautambua kwa Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili), huandiki jina la folda popote.

Na kama unapenda kuyaona kwenye Ibuffer, kuna kifurushi ibuffer-vc kiko MELPA, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Emacs. Mstari mmoja, `(ibuffer-vc-set-filter-groups-by-vc-root)`, unakupa kundi moja kwa kila hazina ya Git. Ukianza kazi mpya kesho, kundi lake linajitokeza lenyewe.

Mimi kila kazi naipa pia kichupo chake: `C-x t 2` kukifungua, `C-x t r` kukipa jina. Vichupo hivi vimo tangu 27 ya mwaka 2020. Vinafanana na alivyosema wa Nairobi, vinabeba mpangilio wa madirisha, na ukifunga kichupo bafa zake zinabaki hai. Kwa hiyo kichupo ni cha kukaa, `C-x p k` ni ya kuhama.

---

Mfasiri_TA

Mzee Shamte, heshima yako. `C-x p k` natumia na naipenda. Kwa mtu ambaye kila kazi yake iko Git, nakubali, asiandike kwa mkono.

Mimi kinachonifanya niandike ni mambo mawili. La kwanza, kazi zangu nyingi haziji na Git. Mteja anatuma faili la zip kwenye barua pepe, pengine WhatsApp, ndani kuna mafaili manne ya PO na picha za skrini. Hakuna hazina. Kwa ibuffer-vc hayo yanakwenda Default, yanachanganyika na takataka nyingine.

La pili, mipaka ya kazi haifanani na mipaka ya hazina. Kliniki wana hazina mbili, ya programu ya simu na ya tovuti. Kwangu ni kazi moja: mteja mmoja, istilahi zile zile, ankara moja. Nataka kundi moja. Na kinyume chake kipo, hazina moja kubwa ambayo ndani yake nimepewa folda mbili na watu tofauti. Hakuna programu itakayolijua hilo bila kuambiwa. Kuandika mistari mitatu kunanilazimisha niamue kazi yangu imeanzia wapi na imeishia wapi, na uamuzi huo nauhitaji hata nje ya Emacs.

---

Shamte_Nakala

La pili nimelikubali. Hazina mbili mteja mmoja, hapo mkono unahitajika.

La kwanza lina dawa. Kama una Emacs 29 au zaidi:

```
(setq project-vc-extra-root-markers '(".kazi"))
```

Sasa folda yoyote ukiiwekea faili tupu linaloitwa `.kazi`, Emacs inaihesabu kuwa mradi, Git iwepo isiwepo. Zip ikifika, ifungue, `touch .kazi`, na `C-x p b` na `C-x p k` zote zinafanya kazi humo.

---

Mfasiri_TA

Hii sikuwa nayo. Nimeijaribu sasa hivi kwenye folda ya zip ya wiki hii, `C-x p b` imenipa mafaili manne na temino, basi. Nashukuru sana mzee.

---

KodiMoja

Nimefuata lile zoezi la `* u`. Nimekuta mafaili matatu ambayo sijahifadhi, moja ni la kazi niliyokwisha kuikabidhi. Nimeweka makundi. `C-x b` siiachi lakini.

Swali: bafa zilizozeeka je? Kuna za wiki mbili hapa.

---

Bi_Seva

Kuna `midnight-mode`, iko ndani ya Emacs. Kila usiku wa manane inafunga bafa ambazo hazijaonyeshwa kwa siku tatu. Haigusi faili lenye mabadiliko ambayo hujahifadhi, haigusi bafa yenye programu inayoendelea, kwa hiyo temino za `M-x shell` ziko salama. Siku tatu zikiwa chache kwako, ongeza kwa `clean-buffer-list-delay-general`.

Ukitaka kuziona kabla ya kuzifunga, ndani ya Ibuffer bonyeza nukta, `.`, zile za zaidi ya saa 72 zinatiwa alama. Kagua, halafu `D`.

---

Mwanafunzi_wa_Lisp

Samahani, moja tu la mwisho. Temino yangu nimeiona ikihama yenyewe. Ilikuwa Duka, nikarudi nikaikuta Kliniki. Sikugusa mpangilio.

---

Mfasiri_TA

Uliandika `cd` ukaenda folda ya kliniki ndani ya temino hiyo hiyo. `M-x shell` na Eshell zote mbili zinafuatilia `cd`, folda ya bafa inabadilika, na kundi linabadilika nayo. Ndivyo inavyotakiwa, kundi linakuonyesha temino iko wapi sasa hivi. Ukitaka kila kazi iwe na temino yake isiyohama, fungua kwa `C-x p s` alivyosema Mzee Shamte, moja kwa duka na moja kwa kliniki, na usivuke kwa `cd`.